Nanga ising'olewe kabla ya mwanafunzi kujua pa kulalamikia

Mji wa Eldoret uko mbali na bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 800, na wengi wa wakazi wa Uasin Gishu huijua bahari kwa kuisoma vitabuni tu. Huku kwetu twasifika kwa mahindi, maziwa na wanariadha. Hata hivyo, ni katika mji huu ambapo Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho zamani kilikuwa bewa la Chepkoilel la Chuo Kikuu cha Moi, hufunza vijana elimu ya samaki na viumbe wa majini. Elimu ya namna hiyo haikamiliki darasani. Huja siku ambapo vijana hufunga virago, wakapanda basi na kuteremka hadi Pwani, au wakaelekea Ziwa Victoria au Turkana, kuyaona kwa macho yale waliyoandikiwa ubaoni.

Juu ya safari hizo tuna neno la kusema, na ni neno ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Ni suala la unyanyasaji wa kimapenzi dhidi ya wanafunzi na watafiti wachanga wanapokuwa majini. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu twauona. Kabla ukuta haujaanguka, yafaa walimu, wanafunzi na wazazi waambiane ukweli.

Tueleze kwanza kazi yenyewe ilivyo. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoundwa mwaka 1979 na yenye makao yake makuu Mombasa, ina meli ya utafiti iitwayo Mtafiti. Meli hiyo, yenye urefu wa zaidi ya mita 50, ilijulikana kwa jina la Zeeleeuw kabla ya Ubelgiji kuitoa kwa Kenya. Katika Ziwa Victoria taasisi hiyo imekuwa na chombo kiitwacho Uvumbuzi. Vyombo vya aina hii hupima kina, joto na chumvi ya maji, hushusha nyavu ili samaki wahesabiwe, na huchota matope ya chini yakachunguzwe. Eneo la bahari ambalo Kenya ina haki ya kulichunguza na kulivuna hufika maili 200 kutoka ufuoni, kwa hiyo kazi yaweza kuchukua siku nyingi. Watu hushika zamu usiku na mchana, kwa maana wavu hauwezi kungoja kuche. Vyumba vya kulala ni vyembamba na hushirikiwa. Wanasayansi, mabaharia, wahadhiri na wanafunzi hula meza moja na kupishana katika ujia mmoja.

Hatuvitaji chuo hicho wala taasisi hiyo kwa kuwa tuna tuhuma dhidi yao. La hasha! Twavitaja kwa sababu vina elimu na vyombo, na mwenye chombo ndiye aulizwaye habari za abiria wake.

Je, unyanyasaji wenyewe ni nini? Jina lake lapotosha kidogo, kwani neno "kimapenzi" lina mapenzi ndani yake, ilhali tendo lenyewe halina mapenzi hata chembe. Ni matumizi mabaya ya mamlaka. Ni mkubwa wa msafara kumwambia msichana, mbele ya wenzake, maneno machafu juu ya umbo lake kisha akayaita mzaha. Ni kumshika mtu kiuno kila mnapopishana na kuyasingizia mawimbi. Ni kubisha mlango saa nane za usiku eti kwa kutafuta daftari la vipimo. Ni kumwahidi mwanafunzi alama, barua ya sifa au nafasi katika safari ijayo, kwa sharti ambalo haliandikwi popote. Wala si wasichana peke yao wanaotendewa hivyo. Wavulana pia huonewa, nao huona haya maradufu kusema.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: kwani mambo haya hayapo ofisini, shuleni na hata katika nyumba za ibada? Yapo. Lakini bahari ina jambo lake. Aliyenyanyaswa mjini Eldoret aweza kuondoka. Atapanda matatu hadi kwa shangazi yake Langas, atampigia mamake simu, au ataingia kituo cha polisi. Aliye maili 60 kutoka ufuoni hana matatu, hana shangazi, na simu yake ya mkononi imegeuka kuwa saa ya kutazamia majira tu.

Tuyatazame mamlaka aliyo nayo mkuu wa msafara kana kwamba ni funguo. Ufunguo wa kwanza ni wa malazi: yeye ndiye aamuaye nani alale wapi na nani ashike zamu ya usiku na nani. Wa pili ni wa mawasiliano, kwani simu ya setilaiti na redio hukaa kwa nahodha, na mwanafunzi hawezi kuzungumza na nyumbani bila kuomba ruhusa na kusikika. Wa tatu ni wa vipimo, maana bila vipimo hakuna tasnifu, na bila tasnifu hakuna shahada. Wa nne ni wa alama, ikiwa mkuu huyo ndiye mhadhiri atakayesahihisha kazi. Wa tano ni wa kurudi: yeye na nahodha ndio waamuao chombo kitageuka lini. Nchi kavu funguo hizi hushikwa na watu mbalimbali, hata mmoja akiharibika mwanafunzi humkimbilia mwingine. Majini huweza kuangukia mkono mmoja, au mikono ya marafiki wawili.

Hoja yetu imo humo. Huweza kuwapo mtu mwovu katika kila kazi, na hakuna mtihani wa kumtambua kabla ya safari. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba hata akiwamo chomboni, hashiki funguo zote tano. Kinga ya kweli ni kuzigawa funguo hizo bandarini, nanga ingali chini.

Hebu tutazame jambo moja ambalo watu wengi hulisahau. Mtu akibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Ushahidi wa mwilini nao hufifia upesi. Katika mji wetu, mwenye bahati mbaya hiyo aweza kufikishwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi siku hiyo hiyo. Katika msafara wa siku kumi, tendo likitokea siku ya tatu na chombo kikaendelea na ratiba yake kana kwamba hakuna lililotokea, saa hizo 72 zitakwisha siku ya sita, samaki wakiwa bado wanahesabiwa. Mwanafunzi atarudi bandarini na sampuli zake zikiwa zimehifadhiwa vizuri katika barafu, ilhali yeye mwenyewe hakuhifadhiwa na mtu.

Wapo watakaosema kwamba twatia chumvi. Kwa hao tuna ushahidi kutoka kwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 2014 watafiti wanne wa Marekani, Kathryn Clancy, Robin Nelson, Julienne Rutherford na Katie Hinde, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusu watu 666 waliowahi kufanya utafiti wa nyanjani katika taaluma mbalimbali. Asilimia 64 walisema waliwahi kuambiwa maneno ya kuudhi ya kimapenzi wakiwa kazini, na zaidi ya asilimia 20 walisema waliguswa au kushambuliwa bila hiari yao. Ni kweli kwamba waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo takwimu hizo haziwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha ulimwengu mzima. Lakini mambo mawili yalijitokeza ambayo hayafai kupuuzwa. Wengi wa walioonewa walikuwa wanafunzi au wanaoanza kazi, na kwa upande wa wanawake aghalabu waliowaonea ni wakubwa wao. Tena, wachache tu walijua kwamba kulikuwa na kanuni yoyote au mahali popote pa kupeleka malalamishi.

Hapa kwetu hatuna haja ya kuvuka bahari ili tujue jinsi mwenye chombo anavyoweza kumtawala asiye nacho. Katika fuo za Ziwa Victoria kuna desturi ijulikanayo kwa jina la jaboya. Mchuuzi wa kike asiye na mashua wala nyavu hulazimika kumridhisha mvuvi kimwili ndipo auziwe samaki. Desturi hiyo imehusishwa kwa miaka mingi na kuenea kwa UKIMWI katika eneo hilo, na mengi yamehubiriwa dhidi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kina mama wa ufuo wa Nduru waliamua kutafuta njia nyingine. Kwa msaada wa wafadhili walipata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume wawavulie. Mwenye chombo alipobadilika, mazungumzo ya ufuoni nayo yakabadilika. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliugharikisha ufuo huo na kuwarudisha nyuma kina mama wengi, lakini funzo lao halikuzama na mashua.

Funzo ni hili: nasaha njema peke yake haimwokoi mtu ambaye riziki yake imo mkononi mwa mwingine. Samaki wa mwanafunzi ni vipimo vyake. Iwapo hawezi kuvipata bila ya kumridhisha mwenye chombo, basi jaboya imevaa joho la shahada na kuingia chuo kikuu.

Je, sheria yasemaje? Nchi hii haina uhaba wa sheria. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, ambayo mswada wake ulipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo akiwa mbunge mteule, inasema katika kifungu cha 23 kwamba mwenye mamlaka anayeshikilia kumtaka mtu kimapenzi, hali akijua kuwa hatakiwi, ana hatia. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Kifungu hicho kinatambua kwamba tendo kama hilo laweza kuharibu masomo ya mtu, si kazi yake tu.

Lakini tazama neno "kushikilia". Sheria yataka ionekane kuwa mtu alirudia rudia. Katika msafara mfupi, msumbufu atajitetea kwamba alitamka mara moja, na katika safari nyingine atatamka mara moja kwa msichana mwingine, na katika ya tatu mara moja tena. Iwapo hakuna daftari ambamo kila tukio huandikwa, hakuna atakayejua kwamba mara moja hizo tatu ni mtu yule yule. Kubaka na kumshika mtu sehemu zake za siri ni makosa mengine yenye adhabu zake, nayo hayangoji kurudiwa. Hata hivyo, ni nani atakayeyaripoti ikiwa alinyamaza tangu neno la kwanza?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na taarifa rasmi ya kupinga unyanyasaji huo, ieleze malalamishi yatapelekwaje, na ilinde jina la mlalamishi. Hilo ni jema. Tatizo ni kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi chomboni aghalabu si mwajiriwa wa mtu. Chuo kitasema yuko chini ya wenye meli. Wenye meli watasema ni mwanafunzi wa chuo. Naye amebaki kati, kama mzigo usio na jina la mpokeaji.

Walimu wenzangu watakumbuka waraka wa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, wa mwaka 2010 juu ya kuwalinda wanafunzi. Waraka huo ulimtaka mwalimu aliye na habari za mwanafunzi kudhulumiwa aziripoti katika muda wa saa 24, na anayezificha huadhibiwa. Wengi waliulalamikia siku zile, lakini ulileta jambo moja kubwa: ulimfanya anayenyamaza kuwa mshiriki. Sasa mfikirie msichana huyo huyo. Akiwa kidato cha nne, waraka humlinda. Miaka miwili baadaye, akiwa chuoni na kapelekwa katika maji makuu ambako hatari imezidi, walio juu yake hawako tena chini ya Tume hiyo, na wajibu huo wa saa 24 umebaki nyuma shuleni. Tumemwondolea mwavuli mvua ilipoanza.

Hata mabaharia wametutangulia. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilipitisha marekebisho kwamba mafunzo ya lazima ya usalama kwa mabaharia yajumuishe namna ya kuzuia na kushughulikia unyanyasaji wa kimapenzi, na marekebisho hayo yakawekewa tarehe ya Januari 1, 2026 kuanza kutumika. Maana yake ni kwamba mpishi wa meli na mshika usukani watafunzwa. Na profesa je? Na mkuu wa msafara je? Itakuwa ajabu ikiwa asiye na shahada ndiye atakayefunzwa adabu, na mwenye shahada tatu aachwe atumie busara yake.

Kulalamika bila kupendekeza ni kelele. Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo, na twawaomba wakuu wa vyuo na taasisi za utafiti wayatafakari.

Kwanza, kila msafara uwe na kanuni iliyoandikwa kwa lugha ambayo kila mmoja anaifahamu, Kiswahili kikiwamo, isomwe kwa sauti bandarini na kutiwa sahihi na wote, kuanzia mkuu wa msafara hadi mpishi. Kanuni iseme waziwazi ni maneno na matendo gani yasiyokubalika. Asiyetia sahihi asipande.

Pili, chomboni kuwe na watu wawili wa kupokea malalamishi, mwanamke na mwanamume, ambao hawasahihishi kazi ya mwanafunzi yeyote aliyemo. Nchi kavu kuwe na mtu wa tatu ambaye huzungumza na wanafunzi kwa simu ya setilaiti au redio siku zilizopangwa, kila mwanafunzi kwa zamu yake na kwa faragha. Zikiwa simu za kawaida kwa wote, anayelalamika hatatambulikana kwa kuwa tu ameomba simu.

Tatu, msichana asipelekwe peke yake miongoni mwa wanaume. Wawe wawili au zaidi, wapewe chumba chao, na mlango uwe na komeo la ndani. Ratiba ya bafu na ya zamu za usiku ibandikwe ukutani, isibadilishwe kwa neno la mtu mmoja. Pombe isipande chomboni. Komeo ni chuma cha shilingi chache dukani. Hakuna bajeti ya utafiti inayoweza kushindwa na komeo.

Nne, sanduku la dawa liwe na dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na awepo aliyefunzwa kuzitumia. Nahodha akubali kwa maandishi kwamba mtu akishambuliwa, chombo kitaelekea bandari iliyo karibu. Mtu akishikwa na maumivu ya kidole tumbo, nahodha hugeuza chombo bila kuuliza wamesalia samaki wangapi. Anayeshambuliwa hastahili chini ya hapo.

Tano, vipimo ni mali ya mwanafunzi. Kila jioni apewe nakala ya yale yaliyokusanywa siku hiyo, na akitaka kubadilishiwa msimamizi apate mwingine bila kupoteza mwaka. Mwenye vipimo vyake mkononi hawezi kutishwa navyo.

Sita, baada ya safari, mtu ambaye hakuwamo chomboni azungumze na kila mwanafunzi na aandike aliyoyasikia. Daftari hilo litunzwe kwa siri, lakini litunzwe. Wala asiruhusiwe mtu aliyepatikana na hatia kuhamia kimya kimya chuo kingine na kuongoza msafara mwingine.

Saba, yasibaki mambo ya hiari. Mwaka 2023 Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, ambao hugharimia tafiti nyingi, uliweka sharti kwamba chuo kinachoomba fedha za utafiti wa nje ya chuo, ikiwa ni pamoja na ule wa melini, kithibitishe kuwa kina mpango wa kuwalinda watakaoshiriki. Vyuo vyetu na taasisi zetu zaweza kuweka sharti kama hilo bila ya kungoja mfadhili: pasipo mpango, hakuna barua ya idhini, na pasipo barua hakuna safari.

Twajua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni ile ya kale, kwamba bahari si mahali pa wanawake, basi wasichana waachwe nchi kavu wahesabu samaki sokoni. Hoja hii hujifanya huruma, lakini ni adhabu kwa aliyeonewa. Katika karne ya 18 Mfaransa Jeanne Baret alilazimika kuvaa nguo za kiume ili apande meli ya msafara wa Bougainville na kushiriki katika kukusanya mimea, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa. Hatuwezi kurudi huko. Kina mama wa Unguja na Pemba wamelima mwani baharini kwa miongo kadhaa. Samaki wanapungua na nchi yahitaji kila jicho linaloweza kuhesabu. Kumzuia msichana asiende baharini kwa sababu ya mwovu ni kumfunga kondoo na kumwacha chui akitembea.

Pingamizi ya pili ni kwamba wasichana watawasingizia wahadhiri wao. Yawezekana, kama iwezekanavyo katika kosa lolote. Lakini ni nani anayelindwa zaidi na kanuni iliyo wazi, daftari la tarehe na uchunguzi wa watu wasiohusika? Ni mtu asiye na hatia. Mhadhiri mwadilifu hapotezi kitu komeo linapowekwa mlangoni. Anayepinga komeo yafaa aulizwe alikuwa akitaka nini mlangoni.

Ya tatu hunenwa kwa methali, nayo ndiyo itutiayo uchungu zaidi kwa sisi tuipendao lugha. Kuna wakubwa wanaomwambia mwanafunzi, kwa kicheko, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wazee waliotunga methali hiyo walikusudia juhudi na unyenyekevu wa kujifunza. Hawakukusudia mtu mzima kumdhalilisha mtoto wa mwenzake. Kuitumia hivyo ni kuichafua hekima yao.

Kwa wanafunzi tuna maneno machache. Kabla ya kupanda chombo, uliza: kanuni iko wapi, nimlilie nani, na simu iko kwa nani? Si utovu wa adabu kuuliza, kama si utovu wa adabu kuuliza boya la kujiokolea liko wapi. Likikufika neno usilolitaka, liandike pamoja na siku, saa na mahali, na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Nanyi wavulana, msicheke mzaha wa mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Kicheko chenu ndicho kimpacho ruhusa ya kuendelea, na siku ya ushahidi nanyi mtaulizwa mlikuwa wapi.

Kwa wahadhiri na walimu twasema hivi. Kuna mzazi huko Ziwa, Turbo au Moiben aliyeuza ndama na magunia ya mahindi ili binti yake asome habari za bahari ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuiona. Alimsindikiza hadi kituo cha basi, akambebea begi, akamwambia asikilize wakubwa wake. Ndivyo tunavyowalea watoto wetu: wawatii walimu. Mzazi huyo ametukabidhi utii wa mtoto wake. Amana hiyo ikitumiwa kumdhuru, aliyesalitiwa si msichana peke yake, ni kila mzazi aliyewahi kumwambia mtoto amheshimu mwalimu.

Kengele ya kuondoka huwa na haraka zake. Barafu inayeyuka, maji yanaanza kupwa, nahodha anatazama saa. Hata hivyo twamwomba kila mkuu wa msafara asimame kwanza na aulize swali moja mbele ya watu wote: usiku huu mmoja wenu akionewa nami, atamwendea nani? Jibu likipatikana, kwa jina na kwa namba ya simu, nanga na ing'olewe. Lisipopatikana, chombo hicho hakiko tayari kwa safari, hata kama injini yake yanguruma vizuri.